Uhakiki wa Rekodi ya Kocha Jon Cooper katika Kukuza Wachezaji Chipukizi wa Hoki ya Barafu: Norfolk na Syracuse, 2010–2013

Ikisiri

Makala haya yanahakiki rekodi ya Jon Cooper katika kukuza wachezaji chipukizi alipokuwa kocha wa Norfolk Admirals na baadaye Syracuse Crunch, timu za daraja la pili la hoki ya barafu Amerika ya Kaskazini, kati ya mwaka 2010 na 2013. Rekodi hiyo husifiwa kwa mambo mawili: kombe la mwaka 2012 na idadi ya wachezaji waliopanda kwenda Tampa Bay Lightning. Makala yanajenga hoja kwamba vigezo hivyo viwili havitoshi, kwa kuwa humpa kocha sifa zinazowahusu pia wasaka vipaji, umri wa wachezaji na fursa zilizokuwapo katika timu kubwa. Badala yake yanatumika maswali matatu: mchezaji alianzia wapi, alifanya nini akiwa chini ya makocha wengine, na nini kiliwapata wale ambao hawakudumu juu. Uchambuzi unaonesha kuwa sifa ya Cooper ni ya kweli, lakini ni finyu kuliko inavyosemwa. Ushahidi wake ni imara kwa wachezaji waliodharauliwa na wasaka vipaji, na ni dhaifu kwa makipa na kwa chipukizi walioteuliwa mapema.

1.0 Utangulizi

Methali ya Kiswahili isemayo "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" humpa mlezi dhamana yote ya matokeo ya malezi. Uchambuzi wa michezo, uwe wa kandanda au wa hoki, hufuata mantiki hiyo kwa upande mmoja tu. Kijana akifanikiwa, kocha wake wa awali hutajwa na kusifiwa. Akishindwa, husemwa kuwa hakuwa na kipaji, au hakuwa na nidhamu, au aliumia. Kwa utaratibu huo hakuna kocha wa vijana anayeweza kuonekana ameshindwa, na kigezo kisichoweza kumshinda mtu yeyote hakipimi kitu.

Tatizo hili si la nadharia pekee. Kocha wa timu ya malezi huamua nani acheze na nani akae benchi, katika umri ambao misimu miwili inaweza kumaliza ajira ya mtu. Klabu kubwa nazo humpandisha kocha huyo au kumwacha kwa kutazama rekodi yake ya kukuza vijana. Rekodi ikisomwa vibaya, anaweza kuajiriwa mtu kwa kazi iliyofanywa na wengine, na kijana anaweza kuhukumiwa kwa makosa yasiyo yake.

Jon Cooper amechaguliwa kwa sababu rekodi yake ni miongoni mwa zinazosifiwa zaidi katika hoki ya sasa. Alizaliwa Prince George, British Columbia, nchini Kanada. Alisomea sheria Michigan, Marekani, na kufanya kazi ya uwakili Lansing kabla ya kuuacha kwa ajili ya ukocha. Alianza na timu ya shule ya sekondari mwaka 1999, akapanda hatua kwa hatua katika ligi za vijana, na mwaka 2010 akapewa Norfolk Admirals. Machi 2013 aliitwa kuiongoza Tampa Bay Lightning, ambayo alitwaa nayo Kombe la Stanley mwaka 2020 na 2021. Mafanikio hayo ya baadaye yamefanya miaka yake mitatu ya daraja la pili isomwe kwa kurudi nyuma, kana kwamba kila kilichofuata kilipandwa pale. Makala haya yanakusudia kuisoma miaka hiyo kwa ushahidi wake yenyewe.

2.0 Muktadha: ligi yenye mabwana wawili

American Hockey League, ambayo kuanzia hapa itaitwa AHL, ilianza mwaka 1936. Iko chini ya National Hockey League, yaani NHL, ambayo ndiyo ligi kuu ya hoki ya barafu duniani. Kila klabu ya NHL ina timu yake ya AHL, ambako hupeleka vijana wake na kuwaita wakati wowote inapowahitaji. Hadi mwaka 2012 timu ya malezi ya Tampa Bay ilikuwa Norfolk, Virginia. Kuanzia msimu wa 2012–13 ilihamia Syracuse, New York, na Cooper akahama nayo pamoja na sehemu kubwa ya kikosi.

Wachezaji huingia katika mfumo huu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni uteuzi wa kila mwaka, ambapo klabu za NHL huchagua kwa zamu vijana ambao wengi wao wana umri wa miaka 18. Uteuzi huo una raundi saba, na anayeteuliwa raundi ya kwanza huhesabiwa kuwa hazina ya klabu. Njia ya pili ni mkataba wa kawaida kwa kijana ambaye hakuteuliwa na klabu yoyote. Tofauti hii itakuwa na uzito katika uchambuzi unaofuata.

Kocha wa AHL hutumikia mabwana wawili. Mashabiki wa mji wake na wamiliki wa timu wanataka ushindi wa wiki hii. Klabu kubwa inataka wachezaji watakaofaa miaka miwili ijayo. Kanuni za ligi zimejaribu kuulinda upande wa pili. Katika wachezaji 18 wa ndani wanaopangwa kwa mchezo mmoja, bila kuhesabu makipa, angalau 13 wawe wachezaji wa malezi: 12 kati yao wawe hawajazidi michezo 260 ya kulipwa, na mmoja asizidi 320. Hata hivyo, kanuni hiyo haimlazimishi kocha kumwamini kijana dakika za mwisho timu inapoongoza kwa bao moja, wala kumtumia wakati wapinzani wana mchezaji pungufu na nafasi ya kufunga ni kubwa. Uamuzi huo ni wa kocha peke yake, na ndipo malezi yanapofanyika au kukosekana.

3.0 Vigezo vilivyozoeleka na upungufu wake

Kigezo cha kwanza kinachotumika kumsifu Cooper ni kombe. Msimu wa 2011–12 Norfolk ilishinda michezo 55 kati ya 76 na kumaliza na pointi 113. Kuanzia Februari hadi mwisho wa ratiba ya kawaida mwezi Aprili ilishinda michezo 28 mfululizo, rekodi ambayo haikuwahi kufikiwa katika hoki ya kulipwa Amerika ya Kaskazini. Katika hatua ya mtoano ilishinda michezo 15 na kupoteza 3, na katika fainali ikaifunga Toronto Marlies michezo 4 kwa 0. Cooper alipewa tuzo ya kocha bora wa ligi mwaka huo.

Mafanikio haya ni makubwa, ila hayajibu swali la malezi. Kombe la AHL linaweza kutwaliwa na kocha anayewategemea wachezaji wazoefu ambao hawana tena matumaini ya kupanda. Kombe linaonesha kwamba timu ilicheza vizuri. Halioneshi nani alijifunza nini.

Kigezo cha pili ni idadi ya waliopanda. Hapa orodha ni ndefu: Tyler Johnson, Ondrej Palat, Alex Killorn, Radko Gudas, Richard Panik, Mark Barberio na Cory Conacher wote walipita mikononi mwa Cooper na wote wakacheza NHL. Lakini kupanda hutegemea nafasi iliyo wazi, na nafasi huwa nyingi zaidi katika klabu inayojengwa upya. Steve Yzerman alikuwa ameshika umeneja mkuu wa Tampa Bay mwaka 2010, mwaka uleule Cooper alipoajiriwa, na alikuwa anabadilisha kikosi. Aidha, vijana hao waliletwa na idara ya usakaji vipaji na msaidizi wake Julien BriseBois, aliyesimamia timu ya malezi. Akisifiwa kocha peke yake, wachaguzi wa mbegu wanasahaulika.

Kuna pia upanuzi wa sifa usio na msingi. Kwa kuwa Tampa Bay ilikuja kuwa timu bora, baadhi ya masimulizi huihesabu timu nzima kuwa zao la malezi ya Cooper katika daraja la pili. Steven Stamkos, aliyeteuliwa wa kwanza mwaka 2008, na Victor Hedman, aliyeteuliwa wa pili mwaka 2009, waliingia NHL moja kwa moja. Nikita Kucherov na kipa Andrei Vasilevskiy walipita Syracuse kwa muda mfupi, lakini Cooper alikuwa ameshaondoka. Wachezaji waliotunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano Tampa Bay ilipotwaa makombe yake ya 2020 na 2021 walikuwa Hedman na Vasilevskiy. Hakuna kati yao aliyelelewa na Cooper katika AHL.

4.0 Maswali ya uhakiki

Karakana za mafundi wa pwani na bara hutoa kielelezo kinachofaa zaidi kuliko methali iliyonukuliwa hapo juu. Fundi seremala humfundisha mwanagenzi kwa miaka, na katika muda huo kazi ya mwanagenzi huuzwa kwa jina la fundi. Ni vigumu kwa mteja kujua ni mkono upi uliopiga randa. Ukweli hujulikana mwanagenzi anapokwenda kufanya kazi katika karakana nyingine, kwa vifaa vingine, chini ya macho ya mtu asiye na sababu ya kumtetea. Vilevile, fundi mwenye wanagenzi kumi hajulikani kwa yule mmoja aliyetajirika tu. Watu huuliza waliobaki wamefikia wapi.

Kutokana na kielelezo hicho yanapatikana maswali matatu. La kwanza ni la chanzo: mchezaji alifika akiwa anathaminiwa kiasi gani, na alipoondoka thamani yake ilikuwa imebadilika vipi? La pili ni la ushahidi huru: alicheza vipi chini ya makocha wengine? La tatu ni la wasiodumu: vijana waliong'ara katika AHL na kisha wasishike nafasi juu wanatuambia nini kuhusu malezi waliyopata?

5.0 Uchambuzi

5.1 Chanzo: waliodharauliwa na waliothaminiwa

Kwa swali la chanzo, rekodi ya Cooper ni nzuri kupita kiasi kwa aina moja ya mchezaji. Tyler Johnson, mzaliwa wa Spokane, Washington, hakuteuliwa na klabu yoyote, na umbo lake dogo katika mchezo wa watu warefu lilitajwa mara nyingi kuwa kikwazo. Alijiunga na Norfolk mwaka 2011. Msimu wake wa kwanza alifunga mabao 31 katika michezo 75. Msimu uliofuata, akiwa Syracuse, alifunga mabao 37 katika michezo 62 na kutajwa mchezaji bora wa ligi nzima. Kwa hesabu ya wastani, alitoka mabao 0.41 kwa mchezo hadi 0.60.

Ongezeko hilo linahitaji kusomwa kwa makini. Kwa upande mmoja, Johnson alikuwa ametimiza miaka 22, umri ambao wachezaji wengi huimarika hata bila mchango mkubwa wa kocha. Kwa upande mwingine, msimu wa 2012–13 ulianza NHL ikiwa imefungwa kwa mgogoro wa mikataba kati ya wamiliki na wachezaji. Hadi Januari 2013 vijana ambao kwa kawaida wangekuwa juu walicheza AHL, na hivyo ligi ilikuwa ngumu zaidi kuliko mwaka uliotangulia. Kufunga zaidi katika ligi ngumu zaidi ni ushahidi ambao umri pekee hauwezi kuueleza kwa urahisi.

Ondrej Palat ni mfano wa pili. Raia huyu wa Jamhuri ya Cheki aliteuliwa raundi ya saba, ambayo ni ya mwisho, akiwa wa 208 mwaka 2011. Wachezaji wa nafasi hiyo kwa kawaida hawafiki NHL kabisa. Msimu wa 2013–14, wa kwanza kamili kwa wote wawili juu, Palat alifunga mabao 23 na Johnson 24, na wote wakawa miongoni mwa watatu waliofika hatua ya mwisho ya tuzo ya chipukizi bora wa NHL, iliyokwenda kwa Nathan MacKinnon. Mark Barberio, beki aliyeteuliwa wa 152 mwaka 2008, alitajwa beki bora wa AHL mwaka 2012.

Hali ni tofauti kwa aliyefika akithaminiwa. Brett Connolly aliteuliwa wa sita mwaka 2010 na klabu ikamweka NHL akiwa na miaka 19. Alifunga mabao 4 tu katika michezo 68, kisha akapelekwa Syracuse msimu wa 2012–13, ambako alifunga 31. Kwa takwimu za AHL peke yake huo ni ufufuo. Lakini hakushika nafasi Tampa Bay, ambako Cooper ndiye aliyekuwa kocha, na Machi 2015 akauzwa Boston. Alikuja kutulia Washington, akatwaa nayo Kombe la Stanley mwaka 2018, na msimu uliofuata akafunga mabao 22. Kosa la awali, la kumwingiza juu mapema, halikuwa la Cooper. Hata hivyo, kilichohitajika ili kipaji hicho kikomae kilipatikana mahali pengine.

Kwa makipa, rekodi ni nyembamba. Dustin Tokarski alilinda lango la Norfolk katika ushindi wa 2012, akauzwa Montreal Februari 2013, na mwaka 2014 akacheza nusu fainali ya NHL baada ya kipa wa kwanza kuumia. Hakuwahi kuwa kipa wa kwanza wa klabu yoyote ya NHL. Nafasi ya kipa ina makocha wake maalumu, hivyo si haki kumlaumu Cooper kwa hilo. Si haki pia kumsifu.

5.2 Ushahidi huru: karakana nyingine

Swali la pili ndilo linaloitikisa zaidi sifa iliyozoeleka. Tarehe 25 Machi 2013 Cooper alichukua nafasi ya Guy Boucher kama kocha wa Tampa Bay. Kuanzia siku hiyo, aliyewalea vijana ndiye aliyeamua kama wamekomaa. Johnson, Palat na Killorn walipata dakika zao za NHL kutoka kwa mtu yuleyule aliyewapa dakika za AHL. Mafanikio yao yanaweza kuwa na maana kwamba walilelewa vizuri. Yanaweza pia kuwa na maana kwamba walipata bahati adimu ya kupanda pamoja na kocha anayewajua, huku wenzao wa klabu nyingine wakilazimika kumshawishi mgeni. Takwimu za Tampa Bay haziwezi kuzitenganisha tafsiri hizi mbili, kwa kuwa mwalimu na msahihishaji wa mtihani ni mtu mmoja.

Hivyo mhakiki hana budi kuwatazama walioondoka. Radko Gudas, beki aliyeteuliwa wa 66 mwaka 2010, alianza hoki ya kulipwa Amerika katika msimu wa kwanza wa Cooper huko Norfolk na kukaa naye hadi Syracuse. Mwaka 2015 aliuzwa Philadelphia, kisha akacheza Washington, Florida na Anaheim, na mwaka 2024 Anaheim ikamfanya nahodha. Beki aliyedumu zaidi ya muongo mmoja chini ya makocha kadhaa wasio na uhusiano na Norfolk ni ushahidi safi kuliko kombe lolote. Richard Panik, aliyeteuliwa wa 52 mwaka 2009, aliachwa na Tampa Bay ya Cooper mwaka 2014, akachukuliwa na Toronto, na msimu wa 2016–17 alifunga mabao 22 akiwa Chicago. Barberio naye alicheza Montreal na Colorado.

Mifano hii inaelekea upande mmoja. Wachezaji wa Norfolk walioondoka waliweza kucheza kwingine, jambo linaloonesha kuwa walichojifunza hakikuwa mfumo wa kocha mmoja tu. Lakini Panik na Connolly wanaongeza tahadhari: wote wawili walifikia kiwango chao bora wakiwa mbali na mlezi wao. Yawezekana msingi uliwekwa Norfolk au Syracuse, na paa likaezekwa na wengine.

Ushahidi mwingine huru uko nyuma, kabla ya AHL. Cooper alitwaa ubingwa wa ligi za vijana mwaka 2007 na 2008 akiwa na St. Louis Bandits, na mwaka 2010 akiwa na Green Bay Gamblers. Katika ngazi hizo wasaka vipaji, wamiliki na wachezaji walikuwa wengine kabisa, hivyo haiwezekani kuyaeleza yote kwa kazi ya idara ya Tampa Bay. Patrick Maroon, aliyecheza chini yake katika timu ya Bandits, aliteuliwa raundi ya sita mwaka 2007 na klabu nyingine, na baadaye akatwaa Kombe la Stanley mara tatu mfululizo, la kwanza akiwa na St. Louis na mawili akiwa na Tampa Bay. Yeye pia si mchezaji aliyeaminiwa na wachaguzi. Mwelekeo ulioonekana katika 5.1 unarudi hapa, mbali na Norfolk.

5.3 Wasiodumu: suala la Cory Conacher

Mchezaji bora wa AHL msimu wa 2011–12 hakuwa Johnson wala Palat. Alikuwa Cory Conacher, mshambuliaji mfupi kutoka chuo cha Canisius, Buffalo, ambaye pia hakuteuliwa. Alifunga mabao 39 na kukusanya alama 80 katika michezo 75, kwa hesabu ya hoki ambapo kila bao na kila pasi inayozaa bao huleta alama moja. Alitwaa kwa pamoja tuzo ya mchezaji bora na ya chipukizi bora. Mtu aliyeisoma rekodi ya Cooper katikati ya mwaka 2012 angesema kwamba Conacher ndiye tunda lake kuu.

NHL ilipofunguliwa Januari 2013, Conacher alipata alama 24 katika michezo 35 ya Tampa Bay. Sehemu kubwa ya michezo hiyo ilichezwa chini ya Boucher, kwa hiyo huo nao ni ushahidi huru kwamba aliandaliwa vyema. Tarehe 3 Aprili 2013, siku tisa baada ya Cooper kufika, Conacher aliuzwa Ottawa kwa kubadilishana na kipa Ben Bishop. Ulikuwa uamuzi wa meneja, na kwa klabu ulikuwa wa busara: Bishop alikuwa miongoni mwa makipa watatu bora wa NHL mwaka uliofuata na akaifikisha timu fainali ya 2015. Kwa Conacher ulikuwa mwanzo wa safari ya Ottawa, Buffalo, New York Islanders, Uswisi, na mwaka 2016 kurudi Syracuse. Hakuwahi tena kushika nafasi ya kudumu NHL.

Suala hili linatufundisha mambo mawili. Kwanza, alama za AHL, hata zikiwa za juu kuliko za wote, si kipimo cha ukomavu. Johnson aliyekuwa nyuma ya Conacher kwa alama 12 mwaka 2012 alikwenda mbali zaidi. Pili, Johnson na Conacher walianza kwa hali zinazofanana mno: wafupi, wasioteuliwa, wakiwa mwaka wa kwanza katika timu moja chini ya kocha mmoja. Mmoja alibaki na kocha aliyemwamini. Mwingine aliuzwa siku chache tu baada ya kocha huyo kupata mamlaka juu. Hatuwezi kujua Conacher angekuwa nani kama angebaki. Tunaloweza kusema ni kwamba malezi yaleyale yalizaa hatima mbili, na kilichozitenganisha si mazoezi ya Norfolk bali fursa. Anayempa Cooper sifa zote za Johnson anapaswa kueleza kwa nini asimhesabie Conacher. Akisema Conacher hakuwa mikononi mwake, amekubali kwamba kuwa mikononi mwake ndicho kilichombeba Johnson.

6.0 Ulinganisho: Jeff Blashill

Ili kuepuka kuhukumu kwa mfano mmoja, inafaa kumtazama kocha aliyekutana na timu ya Cooper katika fainali ya AHL Juni 2013. Syracuse, wakati huo ikiongozwa na Rob Zettler, ilifungwa michezo 4 kwa 2 na Grand Rapids Griffins ya Jeff Blashill. Grand Rapids ilikuwa na Gustav Nyquist na Tomas Tatar, waliokuja kuwa wafungaji tegemeo wa Detroit Red Wings. Tatar alitajwa mchezaji bora wa mtoano huo. Mwaka 2014 Blashill alipewa tuzo ileile ya kocha bora aliyoipata Cooper, na 2015 akapandishwa kuiongoza Detroit.

Kwa vigezo vilivyozoeleka, hizi ni rekodi pacha. Lakini 2012–13 ulikuwa msimu wa kwanza wa Blashill Grand Rapids, na Tatar alikuwa pale tangu 2009, miaka mitatu chini ya Curt Fraser. Kombe liliandikwa kwa jina la aliyekuwapo wakati wa mavuno. Zettler naye alifika fainali na kikosi ambacho kwa sehemu kubwa ya msimu kilikuwa cha Cooper. Hatima za juu nazo zilitofautiana. Cooper alikuta Stamkos na Hedman wakiwa katika ubora wao. Blashill alikuta kikosi kilichozeeka, na mwaka 2017 mfululizo wa Detroit wa misimu 25 ya kufuzu mtoano ukakatika. Aliachwa mwaka 2022, na mwaka huohuo akawa msaidizi wa Cooper.

Kama mafanikio ya NHL yangekuwa kipimo cha malezi ya AHL, tungelazimika kusema kuwa Blashill alilea vibaya. Nyquist na Tatar, waliodumu NHL kwa muda mrefu na katika klabu mbalimbali, wanakanusha hilo. Kuendesha timu ya malezi na kuendesha timu ya ubingwa ni kazi mbili, na ya pili haifai kutumiwa kama cheti cha ya kwanza.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa rekodi ya Jon Cooper huko Norfolk na Syracuse inastahili sifa yenye mipaka. Alikuwa na uwezo, uliojirudia katika ngazi tatu tofauti, wa kumtambua mchezaji aliyepuuzwa, kumpa jukumu zito mapema na kushinda naye. Johnson, Palat na Killorn, watatu waliokuwa katika kikosi cha ubingwa cha Norfolk mwaka 2012, walikuwamo pia katika vikosi vya Tampa Bay vilivyotwaa makombe ya 2020 na 2021. Mwendelezo huo si wa bahati tu. Hata hivyo, rekodi haithibitishi kwamba alikuwa na uwezo huohuo kwa chipukizi walioteuliwa mapema au kwa makipa, na sehemu kubwa ya ushahidi unaotajwa imepimwa na yeye mwenyewe. Ushahidi bora zaidi kwake ni Gudas, ambaye hutajwa mara chache. Ushahidi unaotajwa sana, yaani makombe ya NHL, ndio wenye uzito mdogo kwa swali hili.

Kwa watafiti wa ukocha wa vijana, uhakiki huu unapendekeza mambo matatu. Hesabu ya waliopanda iambatane daima na nafasi waliyoteuliwa, ili kazi ya msaka vipaji itenganishwe na ya kocha. Misimu chini ya makocha wengine ipewe uzito mkubwa kuliko misimu chini ya mlezi yuleyule. Na kila orodha ya waliofanikiwa iandikwe pamoja na orodha ya wenzao waliokuwa nao katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo na wasidumu. Orodha hiyo ya pili ni ngumu kuipata kwa kuwa hakuna anayenufaika kuitunza. Bila hiyo, rekodi ya kocha itaendelea kuwa historia ya waliobahatika, na vijana kama Conacher watabaki kuhesabiwa kuwa walishindwa wenyewe.